Msafara Hausimami

Lillian Acan alikuwa na miaka thelathini na tisa, na cheo cha kapteni, alipopelekwa Kasese kusimamia magari ya kikosi. Alikuwa mwanamke wa Kitgum, kaskazini kabisa ya Uganda, na kitu cha kwanza kilichomshinda Kasese kilikuwa joto. Aliambiwa anakwenda kwenye milima yenye theluji, akaamini atavaa sweta. Theluji ipo kweli. Asubuhi mawingu yakiachana aliweza kuiona akiwa amesimama gwarideni. Lakini huku chini jua lilichoma mabati ya kambi tangu saa tatu, na kufika saa sita madereva walikuwa wakifungua boneti kwa kitambaa ili chuma kisiwaunguze.

Maisha ya kambi hayakuwa mageni kwake. Utoto wake aliumalizia katika kambi nyingine, ya watu waliohamishwa vijijini mwao wakati wa vita vya kaskazini. Miaka minane walikaa kwenye vibanda vilivyogusana, wakiambiwa kwamba pale wanalindwa. Alipomaliza sekondari akajiunga na jeshi. Mama yake alimwuliza kwa nini, baada ya yote yale. Acan alijibu kwamba mtu akiwa ndani ya jeshi angalau anajua mapema kinachokuja. Jibu hilo halikumridhisha mama, lakini alimfulia nguo zake zote na kumfungia mizigo ya safari.

Jeshini Acan alisifika kwa jambo moja. Ukimwambia magari yawe tayari saa kumi na moja, yalikuwa tayari saa kumi na nusu, mafuta yamejaa, tairi za akiba zimefungwa, kila dereva ameshakunywa chai. Maofisa wenzake walikuwa na msemo wao: jambo lililokamilika kabla ya wakati waliliita gari la Acan.

Dereva wake bora alikuwa Koplo Masereka, Mkonzo wa Kyarumba, mlimani. Masereka alikulia mahali ambapo kahawa hushushwa kichwani kwa njia za miguu, na labda ndiyo maana aliheshimu sana gari. Alikuwa akiweka kiganja juu ya injini na kutaja ugonjwa wake kabla fundi hajafika. Mke wake, Loyi, aliuza maharagwe na mawese Bwera, karibu na mpaka. Ndugu za Loyi nusu walikuwa Uganda na nusu ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Mto ule ni mpaka kwenye ramani. Lugha ya watu wa pande zote mbili ni ile ile.

Serikali ilipoamua kuwafuata waasi kwenye misitu ya Kongo, Acan hakuwa na pingamizi. Waasi wale walikuwa wameua watu, na yeye alijua waasi ni nini. Alipanga misafara, akaandika kanuni zake kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani kwenye banda la magari. Kanuni ya tatu ilisema: Msafara hausimami njiani kwa sababu yoyote isipokuwa kwa amri ya kamanda. Ilikuwa kanuni nzuri. Lori likisimama kwenye barabara ya msitu linakuwa shabaha, na wanaume walio juu yake ni watoto wa watu. Katika miezi saba ya kwanza hakupoteza dereva hata mmoja.

Kilichombadilisha hakikuwa mapigano. Kila safari alipopita, vijiji vilizidi kuwa vitupu, na kando ya vituo vya jeshi mahema ya plastiki yalizidi kuongezeka. Akina mama walikoka moto kati ya hema na hema. Watoto walipanga mstari kwenye bomba wakiwa na madumu. Acan aliyatambua mahema yale kama mtu anavyoitambua nyumba aliyolelewa. Waasi walikuwa wamehamia mbali zaidi, jeshi litawafuata mbali zaidi, na mahema yatafuata nyuma. Hakuona mwisho wake, na alipojaribu kuuliza hakumwona aliyeujua.

Kikosi kilirudi Kasese. Baada ya miezi mitano ikaja amri ya kuvuka tena.

Kanali Mugisha, kamanda wao, aliwaita maofisa kumi ofisini kwake asubuhi, akasoma amri mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna swali. Acan akainua mkono. Aliuliza wanakwenda kwa muda gani. Kanali akasema mpaka kazi iishe. Acan akauliza kazi itahesabiwa imeisha kukiwa na nini. Wengine waliinamisha macho kwenye madaftari yao. Mmoja alianza kuchora mistari. Kanali alisema hilo litajibiwa kwa wakati wake, akafunga faili.

Siku hiyo hiyo Acan aliandika barua. Sheria inamruhusu ofisa kupeleka maoni yake juu kupitia kwa kamanda wake, naye alikuwa mtu wa sheria. Kurasa mbili kwa mkono: alichokiona barabarani, idadi ya mahema mwezi hadi mwezi, na maoni yake kwamba vita hivi vinawaumiza wale tuliokwenda kuwaokoa, na kwamba havina mahali pa kuishia. Mstari wa mwisho ulisema kwamba pamoja na hayo yote atatii amri atakayopewa. Aliusoma mara mbili mstari ule. Aliuona wa heshima.

Kanali alimwita kesho yake.

"Umeandika vizuri," alisema. "Nitaipeleka juu. Lakini magari?"

"Yatakuwa tayari, afande."

Na yakawa tayari. Wiki ile Acan alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Aliingia mwenyewe chini ya malori kukagua breki. Hakutaka isemwe kwamba mwanamke yule anapinga vita kwa sababu anaviogopa, na kwa namna hiyo vita alivyovipinga vikapata magari bora kuliko vile alivyovikubali.

Siku mbili kabla ya kuvuka, mchana, Masereka alimfuata kwenye banda la magari. Madereva wengine walikuwa wamekaa kivulini wakila posho, ugali wa jeshini, na maharagwe. Masereka alipiga saluti, akanyoosha mkono. Kwenye kiganja palikuwa na ufunguo wa lori. Bunduki yake alikuwa ameshairudisha ghalani.

"Afande, mimi siendi."

Acan alidhani anaumwa. Masereka akasema haumwi. Acan akamwuliza kuhusu Loyi. Loyi alikuwa mzima.

"Sikatai jeshi, afande. Nipe jiko. Nipe lindo. Nipe kuchimba vyoo, nitachimba. Ile barabara siiwezi tena."

Acan alimwambia aeleze, naye akaeleza, akiwa amesimama wima vile vile. Katika operesheni ya kwanza, kilomita chache kupita Kasindi, upande wa Kongo, mwanamke alitokea kando ya barabara. Mgongoni alikuwa amembeba mzee, amemfunga kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto mchanga, na kitenge kilikuwa na damu. Mwanamke alikimbia pembeni ya lori akipiga kelele. Alikimbia hatua nyingi kwa mtu mwenye mzigo ule.

"Wenzangu walisikia kelele," alisema Masereka. "Mimi nilisikia maneno. Alikuwa anasema, baba bado anapumua. Anasema kwa lugha ya mama yangu. Bado anapumua, mpeni nafasi. Mimi nikabadilisha gia."

Acan aliuliza ilikuwa siku gani. Masereka akaitaja. Ulikuwa msafara ambao Acan mwenyewe aliuongoza, akiwa kwenye gari la mbele.

"Kwa nini hukuniambia kwa redio?"

Masereka alitazama ukutani, penye karatasi ya kanuni, na macho ya Acan yakaenda huko huko.

"Ungesimamisha?" aliuliza.

Acan alijua jibu. Akili yake ilikuwa tayari inatafuta mlango wa kumtolea mtu huyu. Angeweza kumwandikia ugonjwa. Angeweza kumtuma Katunguru, ambako lori moja lilikuwa limekufa karibu na daraja likisubiri kipuri; angekaa pale akila samaki mpaka msafara uvuke, na hakuna ambaye angeuliza. Akamwambia hivyo kwa sauti ya chini. Ni kama alikuwa anamwomba.

Masereka akakataa. Alisema ameshawaambia wenzake, na hataki kujificha nyuma ya uongo kana kwamba ameiba kitu. Acan akageuka. Madereva walikuwa wameacha kula. Watu thelathini hivi walikuwa wakimtazama, kila mmoja na ufunguo mfukoni.

"Na wewe uliandika, afande," alisema Masereka. "Karani aliona. Sisi wote tunajua."

"Niliandika," alisema Acan. "Halafu nikatayarisha magari."

Akampa amri. Alimpa mara tatu, kama utaratibu unavyotaka, kila mara akimtaja kwa cheo na jina, na kila mara Masereka alijibu kwa upole, mikono imenyooka ubavuni, "Hapana, afande." Baada ya mara ya tatu aliita askari wawili wampeleke kotagadi, mahabusu ya kambi. Masereka alitembea mbele yao bila kushikwa. Acan akabaki na ufunguo mkononi. Aliwaza kwamba angalau hakuna ufunguo wa pili uliorudishwa siku ile, na mara akaona aibu kwa kuwaza hivyo.

Dereva wa akiba hakuwepo, kwa hiyo lori la Masereka aliliendesha mwenyewe. Walivuka mpaka wa Mpondwe asubuhi, wachuuzi wa sokoni wakisogeza mizigo yao kupisha magari. Ng'ambo, watu walisimama kando ya barabara kama siku zote. Wengine walipunga mikono, wengine walisema mambo. Mwanzo Acan hakuwajali, kisha akagundua kwamba anawasikiliza. Mzee mmoja alisema neno refu akionyesha shamba. Msichana mwenye beseni la ndizi alisema neno lile lile mara mbili, tatu. Acan ni Mwacholi. Hakuelewa hata moja. Huenda msichana alikuwa anauza ndizi tu. Huenda alikuwa anasema jambo ambalo mtu akilisikia hawezi kubadilisha gia. Aliendesha hivyo kwa muda wa saa sita, na hakusimama.

Mahakama ya kijeshi ilikaa miezi miwili baadaye, Kasese. Acan alirudishwa kutoka Kongo kutoa ushahidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa jibu la hapana. Alieleza kila kitu bila kuongeza wala kupunguza. Wakili wa Masereka, luteni kijana mwenye kikohozi, akasimama.

"Kapteni, wewe mwenyewe uliona ni sawa kwenda?"

"Amri ilikuwa halali."

"Sijauliza kama ilikuwa halali."

"Najua ulichouliza."

Luteni akapindua karatasi. Alisema mteja wake amemweleza juu ya barua. Alikuwa ameitafuta masjala akaambiwa hakuna barua kama hiyo. Je, Kapteni aliwahi kuandika kwa kamanda wake kuipinga operesheni hii?

Masereka alikuwa amekaa mita nne kutoka pale, sare yake imenyooshwa pasi, bila mkanda. Alimtazama Acan bila hasira, kama anavyotazama injini anayoifahamu. Acan alikuwa na hakika barua ilikwishafika juu na kwamba ilikuwa mikononi mwa wakubwa. Alijua pia kwamba akisema ndiyo, Masereka bado atafungwa, kwa kuwa sheria haimwulizi askari anachofikiri. Lakini labda muda ungepungua. Labda mwenyekiti angeona kwamba huyu koplo hakuwa mwoga wala mwendawazimu, kwamba alichokisema kwa mdomo ofisa wake alikiandika kwa kalamu.

"Mawasiliano yangu na kamanda wangu ni ya siri," alisema.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Jibu lilikuwa sahihi kisheria. Masereka alipewa miaka mitatu, na kufukuzwa jeshini.

Kabla ya kurudi Kongo, Acan alisimamisha gari Bwera akamtafuta Loyi sokoni. Alimkuta nyuma ya magunia ya maharagwe, akipimia wateja kwa kopo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Loyi alimkaribisha, akampa kigoda, akaagiza chai kwa jirani, akamwuliza habari za safari na za mama yake Kitgum. Acan alijaribu kusema kwamba amesikitika. Loyi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Masereka anasema wewe ni ofisa mzuri," alisema. "Hata juzi nilipokwenda kumwona gerezani alisema hivyo. Mimi nilimwuliza, mzuri kwa nani. Hakunijibu. Labda wewe unajua."

Alisema bila kupandisha sauti, akageuka kumhudumia mama mmoja aliyetaka maharagwe ya njano. Acan alimaliza chai kwa sababu kuiacha kungekuwa utovu wa adabu.

Mwaka uliofuata alipandishwa kuwa meja. Kikosi kilirudi nyumbani kimya kimya, kwa amri fupi kama ile iliyokipeleka, na kikosi kingine kikachukua nafasi yake. Swali aliloliuliza ofisini halikujibiwa. Mahema ng'ambo yalibaki; alipoyahesabu mara ya mwisho yalikuwa yamepita mara tatu ya yale ya mwanzo, na hakumwandikia mtu.

Kisha Kanali Mugisha akastaafu. Waliandaa chakula cha mchana kwenye mesi ya maofisa: mbuzi, matoke, soda, hotuba mbili. Baada ya hotuba, Kanali alivuta kiti karibu na Acan. Alikuwa amevaa shati la kiraia lenye maua na alionekana mdogo ndani yake.

"Ile barua yako," alisema, "ninayo nyumbani. Kila neno lilikuwa kweli."

Acan alimwuliza anayo vipi, wakati aliipeleka juu.

"Sikuipeleka. Ningeipeleka, wewe leo hungekuwa meja. Nilikulinda."

Neno hilo lilimkaa Acan kifuani. Kanali, akidhani amemfurahisha, akaendelea. Alisema hata yeye hakutaka kwenda mara ile ya pili. Akaanza kuhesabu kwa vidole maofisa waliokuwa ofisini asubuhi ile: wa mizinga hakutaka, aliniambia mwenyewe, wa mawasiliano hakutaka, daktari hakutaka kabisa, yule aliyekuwa anachora alimwandikia mke wake kwamba tunakwenda bure. Kati ya watu kumi na mmoja, pamoja na yeye mwenyewe, alipata wawili tu walioitaka safari ile, na mmoja wao hakuwa na hakika naye.

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza Acan.

"Wewe ulisema. Ilisaidia nini?"

Aliuliza kwa wema, kama mtu anayemfundisha mdogo wake, kisha akasimama kwenda kupigwa picha.

Masereka alikuwa ameachiwa mwezi uliotangulia, baada ya kupunguziwa kwa tabia njema. Jumamosi Acan alivaa nguo za kawaida, akaenda Kyarumba. Gari liliishia penye soko. Kutoka pale alipanda kwa miguu saa nzima kwenye njia nyembamba, akipishwa na wanawake waliobeba magunia kichwani bila kuyashika, wao wakimwonea huruma yeye asiyebeba kitu. Alimkuta Masereka uani akigeuza kahawa juu ya turubai. Alikuwa amekonda na mvi zimeingia. Loyi, ambaye sasa alikuwa amehamia mlimani, alitoa kigoda kama safari ile, akaingia ndani, na hakutoka tena.

Acan alimweleza yote: barua iliyokaa nyumbani kwa Kanali, maofisa kumi na mmoja, wawili tu. Alieleza haraka, kama mtu anayetua mzigo. Masereka aliendelea kugeuza kahawa kwa kiganja mpaka alipomaliza.

"Karibu wote?"

"Karibu wote."

"Basi mimi nilifungwa kwa kitu ya watu wote," alisema. "Peke yangu."

Acan akasema ndiyo. Akasema pia kwamba pale mahakamani angeweza kuitaja barua, na hakuitaja. Masereka alisema hilo analijua, alikuwepo.

Upepo ulishuka kutoka juu na baridi yake, ile baridi ambayo Acan aliingoja tangu siku ya kwanza Kasese. Masereka alikusanya kahawa kuelekea katikati ya turubai, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Nikuulize kitu moja, afande. Jumatatu wakikuita ofisini, waseme tuvuke tena. Utafanya nini?"

Alikuwa amepanda mlima wote ule akitafuta maneno ya kuomba msamaha, na swali hili hakuwa amejiandaa nalo. Angeweza kudanganya. Loyi alikuwa ndani, mlango uko wazi, anasikia.

"Nitakwenda," alisema.

Masereka aliinua kichwa na kukiinamisha, taratibu, bila kushangaa. Alisimama, akamwambia mvua inakuja na njia ya chini huteleza sana, afadhali aondoke sasa. Hakumsindikiza. Acan alishuka akijishikilia kwenye migomba ya watu, akaanguka mara mbili, na alipofika sokoni mikono yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu. Dereva wake alishuka akampigia saluti na kumfungulia mlango.

Jumatatu hakuitwa ofisini. Aliitwa wiki sita baadaye, na magari yalikuwa tayari nusu saa kabla ya wakati.